Huruma wodini si suala la roho ya muuguzi peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea kuhusu kauli na mwenendo wa watumishi wa hospitali zetu. Maoni mengi niliyoyasoma na kuyasikia yamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unawalaumu wauguzi kuwa wana kauli chafu na wamekisahau kiapo chao, na upande wa pili unawatetea kwamba ni wachache, wamechoka na kipato chao hakilingani na kazi. Pande zote mbili zinalichukulia jambo hili kama suala la tabia ya mtu, kana kwamba huruma ni kipaji ambacho muuguzi mmoja alizaliwa nacho na mwenzake akakikosa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Niligongwa na pikipiki, nikalazwa kwa muda mrefu katika wodi ya mifupa ya hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja, nikawekewa chuma mguuni. Niliyoyaona nikiwa nimelala chali, kwa jicho la mtu asiyeweza hata kujisaidia bila kushikwa mkono, yamenipeleka kwenye hoja nyingine: sehemu kubwa ya kile ambacho mgonjwa hukiita huruma au ukatili hutokana na jinsi kazi ilivyopangwa, yaani nani anamweleza mgonjwa nini, wakati gani, kwa lugha gani, na pazia liko wapi.

Nianze na jambo ambalo wenye afya njema hawalifikirii, nalo ni njaa ya kusubiri upasuaji. Mgonjwa aliyepangiwa kufanyiwa upasuaji huambiwa jioni kwamba kuanzia usiku wa manane asile wala asinywe chochote. Sababu yake ni ya msingi, kwa kuwa mtu akipewa dawa ya usingizi tumbo likiwa na chakula anaweza kutapika na matapishi yakaingia kwenye mapafu, na sikumwona mgonjwa aliyebishana na hilo. Tatizo ni kwamba orodha ya siku huwa na majina mengi na wote huzuiwa kula kuanzia saa ile ile. Kisha majeruhi wa ajali wanaletwa, wanapewa kipaumbele kama inavyostahili, na waliokuwa mwisho wa orodha wanabaki vitandani na midomo mikavu mpaka saa kumi jioni bila mtu kupita kuwaambia kwamba leo haitawezekana. Mzee mmoja, mkulima, aliyelala kitanda cha jirani yangu, aligundua kuwa ameahirishwa pale tu alipowekewa sahani ya ugali wa jioni kama wengine. Kesho yake alizuiwa kula tena, na mambo yakawa yale yale.

Miongozo ya kimataifa ya wataalamu wa usingizi haimtaki mgonjwa wa kawaida ateseke kiasi hicho: mlo mwepesi unaweza kuachwa saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na maji matupu huruhusiwa hadi zikiwa zimebaki saa 2, mradi mtaalamu ameridhika na hali ya mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu wa mwisho kwenye orodha angeweza kupewa bilauri ya maji asubuhi. Hakupewa, na wala hakuna aliyekuwa na roho mbaya. Muuguzi wa wodini hakujua orodha imefika wapi, na aliyejua alikuwa chumba cha upasuaji amevaa glovu. Pengo lilikuwa dogo tu, kwamba hakuna mtu aliyekabidhiwa jukumu la kupiga simu mara mbili kwa siku kuuliza nani bado yumo na nani aruhusiwe kula, kisha kupita vitandani kuwaambia wahusika. Mzee yule hakulalamika kuhusu njaa. Alisema njaa anaijua tangu utoto. Kilichomuumiza ni kusahauliwa.

Jambo la pili ni raundi ya madaktari, na hapa naomba uvumilivu wa msomaji kwa sababu nitakaa kidogo. Asubuhi madaktari hupita kitanda kwa kitanda wakiwa kundi, bingwa akiwa mbele, madaktari walio katika mafunzo wakimfuata na muuguzi akiwa na mafaili. Mafunzo yao ni ya Kiingereza, mafaili yanaandikwa kwa Kiingereza, na mazungumzo yao juu ya kitanda ni ya Kiingereza vilevile. Sina ugomvi na hilo, maana ndiyo lugha waliyosomea elimu hiyo na hatupendi wakosee. Lakini mgonjwa hulala katikati ya duara la watu wanaomnyooshea kidole mguuni, wanaotikisa vichwa, wanaoinua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha, wakati mwingine wanaocheka kwa jambo lisilomhusu kabisa, kisha wanahamia kitanda cha pili. Hakuna neno hata moja alilolishika, na siku nzima iliyobaki ataitumia kutafsiri nyuso.

Mimi Kiingereza nakijua, nilikifundisha. Kwa hiyo siku moja nilisikia wazi kwamba kidonda cha yule mzee jirani yangu kilikuwa kinawatia shaka, na kwamba endapo usaha hautapungua kuna uwezekano wa kuukata mguu. Walipoondoka alinigeukia akaniuliza, "Mwalimu, wamesemaje?" Msomaji ajiweke mahali pangu. Habari ile haikuwa yangu, sikuwa daktari wake wala ndugu yake, na sikuwa na jibu kama angeniuliza uwezekano huo ni mkubwa kiasi gani. Nilimwambia wamezungumzia kidonda chake na kwamba ana haki ya kumuuliza daktari mwenyewe. Akasubiri mpaka raundi iliyofuata, na raundi iliyofuata ilikuwa na bingwa mwingine. Hospitali ile ilikuwa imemwachia mgonjwa mwenzake kazi ya kuamua kama mtu aambiwe au asiambiwe kuhusu mguu wake.

Dawa ya hali hii haigharimu shilingi. Kabla kundi halijahama, daktari mmoja, hata awe yule mdogo kuliko wote, abaki nyuma kidogo na kumweleza mgonjwa kwa Kiswahili mambo matatu: tumeona nini, leo tutakufanyia nini, na ukiona dalili gani utuite haraka. Nilimwona daktari mmoja kijana akifanya hivyo kwa utaratibu wake mwenyewe, na wagonjwa wake walikuwa ndio wanaomeza dawa bila kusukumwa, kwa sababu walijua ni za nini. Aliponieleza mimi kwamba homa ya usiku ni jambo la kutoa taarifa na si la kuvumilia, niliitoa taarifa, na maambukizi yakawahiwa. Kumweleza mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa kuwa mgonjwa aliye kitandani saa ishirini na nne ndiye wa kwanza kujua mwili wake umebadilika.

Kuhusu maumivu nitasema kwa ufupi, ingawa yenyewe hayakuwa mafupi. Vidonda husafishwa asubuhi. Vidonge vya kutuliza maumivu hutolewa wakati wa kugawa dawa, ambao katika wodi yetu ulikuwa baada ya kusafisha vidonda. Mtu aliyepewa kidonge nusu saa au saa moja kabla ya kufunguliwa bandeji huumia kidogo kuliko aliyepewa baadaye, na kidonge ni kile kile kimoja. Badala ya kubadili mpangilio huo tuliambiwa tuvumilie, na wanaume tuliambiwa kwamba mwanaume halii. Majirani zetu wa Uganda walishatuonyesha kwamba maumivu ya mgonjwa yanaweza kushughulikiwa hata kwa sheria. Tangu 1993, tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ilipoanzishwa huko kwa ajili ya wagonjwa wa saratani na wengine wenye maradhi yasiyopona, mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu ambayo ni ya bei nafuu na hunywewa kwa mdomo, imekuwa ikiwafikia watu majumbani. Mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu kisheria wauguzi waliosomea tiba shufaa waiandike wenyewe, kwa sababu kumsubiri daktari kulimaanisha mgonjwa wa kijijini afe akipiga kelele. Waliojali walikuwapo kabla ya sheria ile pia; sheria iliwapa cha kufanya.

Nirudi kwenye pazia. Wodi yetu ilikuwa na pazia moja la magurudumu la kukingia kitanda. Kwa kuwa lilikuwa moja, lilitumika zaidi pale mtu alipofariki, ili wengine wasione akiandaliwa. Matokeo yake ni kwamba aliye hai alioshwa, aligeuzwa na kuwekewa chombo cha kujisaidia mbele ya macho ya wodi nzima na wakati mwingine ya wageni, na siku pazia liliposogezwa kwa mtu, wagonjwa wa upande wa pili walianza kuulizana kama amekata roho. Baba mtu mzima anayevuliwa nguo mbele ya vijana wa umri wa wanawe hafi kwa aibu, lakini huanza kujinyima maji ili asiombe chombo, na mgonjwa aliyelala muda mrefu bila kunywa maji ya kutosha hupata matatizo ya mkojo na ya choo ambayo madaktari watayatibu baadaye kwa gharama kubwa kuliko ya kitambaa na kamba.

Kuna pia watu ambao mjadala huu umewasahau. Mgonjwa na ndugu zake hukutana na mlinzi wa getini kabla hawajamwona muuguzi yeyote, kisha karani wa mapokezi, kisha mtu wa dirisha la malipo. Mke wangu alipandishiwa sauti getini kwa kufika na chupa ya uji dakika chache baada ya muda wa kuona wagonjwa kwisha, naye alikuwa ametoka kusimama foleni ya dawa ndani ya hospitali hiyo hiyo. Semina za huduma kwa mteja, zinapofanyika, hukaliwa na wenye vyeti vya uuguzi, na mlinzi wa kampuni ya nje hazimhusu.

Kuhusu majina, Uingereza walijifunza kutoka kwa daktari aliyegeuka mgonjwa. Kate Granger, aliyekuwa daktari wa wazee, alilazwa mwaka 2013 akiwa na saratani, akashangazwa na idadi ya watumishi waliomshika, kumchoma sindano na kumpa taarifa nzito bila hata mmoja kumtajia jina lake; miongoni mwa wachache waliojitambulisha alikuwa mhudumu wa kumsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Yeye na mumewe walianzisha kampeni ya kuwataka watumishi waanze kwa kujitambulisha, ikaenea katika hospitali za nchi hiyo na nje yake kabla hajafariki mwaka 2016. Kwetu ambako hatuwezi kununua nyanya sokoni bila salamu, ajabu ni kwamba salamu inaishia mlangoni mwa wodi. Niliitwa kwa namba ya kitanda na kijana ambaye mitaani angeniamkia shikamoo bila kufikiri, na naamini mitaani bado ananiamkia.

Sasa niwageukie wauguzi, kwa sababu hoja yangu inawategemea. Alikuwapo muuguzi mmoja, mama wa makamo, ambaye zamu ya mchana alikuwa mfano. Kabla ya kunigusa aliniambia anachotaka kufanya: "Baba, sasa nakugeuza upande wa kushoto, utasikia maumivu kidogo, nishike hapa." Alijua watoto wangu wako wapi. Muuguzi huyo huyo, nilipomkuta zamu ya usiku akiwa peke yake na wodi nzima, wagonjwa wawili wakiwa wametoka upasuaji na mmoja akiweweseka, alinijibu kwa ukali nilipoomba chombo, akachelewa, na nilipojichafua akanilaumu. Asubuhi yake alikuwa amevimba macho. Ningekutana naye usiku ule tu, ningeandika barua ya kumlaani. Ningekutana naye mchana tu, ningemwombea tuzo. Roho yake ilikuwa moja, na kilichobadilika ni idadi ya watu waliokuwa naye kazini.

Marekani iko taasisi iliyoanzishwa na mwanasheria wa Boston, Kenneth Schwartz, aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 40 na aliyetaka uhusiano wa mgonjwa na wanaomhudumia ulindwe. Taasisi hiyo imesambaza vikao ambamo madaktari, wauguzi na watumishi wengine hukaa pamoja na kuzungumza juu ya uzito wa kazi yenyewe: mtoto aliyefia mikononi mwao, ndugu aliyewatukana, hofu ya kukosea. Sisemi tuige kila kitu. Nasema huyo muuguzi wetu aliyevimba macho alipanda daladala akaenda kupika, na sikuona dalili kwamba kuna aliyemuuliza usiku ulikuwaje.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba mpangilio ukibadilika, mwenendo nao hubadilika. Muongo uliopita, Taasisi ya Afya Ifakara na Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walifanya mradi ulioitwa Staha katika wilaya za Korogwe na Muheza mkoani Tanga, kuhusu akina mama waliojifungulia vituoni. Wananchi na watumishi walikaa pamoja, wakaurekebisha mkataba wa huduma kwa mteja uendane na hali yao, kisha hospitali ikafanya mambo madogo madogo: kutundika mapazia, kumpokea mama katika chumba cha faragha, kubandika wazi orodha ya dawa zilizokwisha ili mtu asidhani anafichwa, na kuwapa chai watumishi walio zamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mama kudhalilishwa ulipungua kwa asilimia 66. Mapazia na chai, Mhariri, si mashine za mabilioni.

Mradi huo ulifichua jambo jingine ambalo naona ni zito kuliko yote niliyotangulia kuyasema. Akina mama walipoulizwa wakiwa wanatoka hospitalini, asilimia 19 walisema walitendewa isivyofaa. Baadhi yao walipoulizwa tena wiki kadhaa baadaye wakiwa majumbani kwao, walioeleza hivyo walifika asilimia 28. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maiti hasemi. Mgonjwa naye, maadamu bado yuko kitandani au anashika cheti cha ruhusa mkononi, hasemi, kwa kuwa anayemuuliza ndiye aliyeshika sindano, faili na ufunguo wa kabati la dawa. Nami nilipoulizwa na kiongozi mmoja aliyetembelea wodi yetu na msafara wake kama huduma ni nzuri, nilijibu ni nzuri sana. Wodi nzima ilijibu hivyo. Sanduku la maoni lilikuwapo, limefungwa kwa kufuli, ukutani mwa korido ambayo mgonjwa wa mguu hawezi kuifikia.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mazungumzo mengi yanayoifuata ni ya michango na vitita vya huduma, yaani matibabu yatakayolipiwa na bima. Ni sawa, fedha lazima zizungumzwe. Lakini mfuko wowote unaoilipa hospitali una nguvu ya kuidai kitu, na ningependa udai pia mambo niliyoyataja: simu ya mchana kuhusu orodha ya upasuaji, maelezo ya Kiswahili baada ya raundi, dawa ya maumivu kabla ya kidonda kufunguliwa, pazia kwa kila safu ya vitanda, na muuguzi wa pili usiku. Hili la mwisho ndilo pekee kati yake lenye gharama kubwa, na nisingependa ugumu wake utumike kama kisingizio cha kuahirisha yale manne.

Ombi langu la mwisho naliwasilisha kwa bodi za hospitali. Kila mgonjwa huandikisha namba ya simu anapolazwa, na namba hiyo, kwa uzoefu wangu, hutumika tu pale kunapokuwa na deni. Itumike kumpigia wiki mbili au tatu baada ya kuruhusiwa, aulizwe alitendewaje, na yaliyosemwa na wengi pamoja na hatua zilizochukuliwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo karibu na bei za vipimo. Anayepiga simu asiwe mtumishi wa wodi ile, kwa sababu mgonjwa wa mifupa hurudi kliniki pale pale kwa miezi mingi, na anayejua kwamba wiki ijayo atafunguliwa bandeji na mtu yule yule atasema kila kitu kilikuwa kizuri.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Morogoro